Mhuri wa Mtaa Haumtoi Mpangaji

"Barua ya mtaa ninayo, imegongwa mhuri. Mbona mpangaji hatoki?" Wenye nyumba wa Dar es Salaam hawachoki kuniuliza hivi, wengine kwa hasira, utadhani mimi ndiye niliyemficha mpangaji chumbani. Hatoki kwa sababu barua ile si amri. Aliyekwambia ni amri amekuuzia karatasi.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kuwaita ofisini mkazungumza, na mara nyingi hilo husaidia kweli. Kazi yake inaishia hapo. Hana mamlaka ya kuamua kwamba upangaji wa mtu umekoma, wala ya kumtuma mgambo akabebe godoro. Hata baraza la kata, ambalo zamani lilikuwa likiamua kesi za ardhi, tangu marekebisho ya sheria ya 2021 limebaki na usuluhishi tu. Kata haihukumu, mtaa utahukumu kwa lipi?

Kishoka, yaani anayejifanya wakili bila kuwa wakili, halijui hilo, au analijua na hajali. Barua moja aliyoiandika ninayo hapa mezani: NOTISI YA MWISHO, herufi kubwa, mihuri miwili, mpangaji apewa siku 7 aondoke "bila kukosa". Deni ni shilingi ngapi, la miezi ipi? Haisemi. Mkataba wenyewe unataka notisi ya mwezi mmoja. Alipoona mpangaji hatikisiki, akafungua shauri kwa jina la kijana anayekusanya kodi, wakati nyumba ni ya mama yake, na chini ya maombi akaandika "imeandaliwa na mwombaji mwenyewe". Sheria inataka aliyeandaa hati ajulikane. Yeye hela ameshapokea ila kujulikana hataki. Shauri likatupwa nje, na mpangaji bado yumo ndani, anapika.

Mhuri ukigoma, ushauri unaofuata ni kukata umeme, kubadilisha kufuli, kuezua bati. Hapo umemgeuza mdaiwa wako kuwa mdai. Atakimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuomba zuio, kisha adai fidia ya televisheni iliyonyeshewa na ya fedha zilizokuwa chini ya godoro, ambazo hakuna atakayejua zilikuwa kiasi gani.

"Lakini huyu amesoma sheria." Wengi wamesoma. Wakili ni yule aliyeapishwa, akaandikishwa, na leseni yake ya mwaka huu iko hai. Andika jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujatoa hata nauli. Mhuri wa wakili wa kuazima utakugharimu kuliko kutokuwa na mhuri kabisa.

Sasa haraka haraka, maana najua ndicho mlichokuja kutafuta. Toa notisi kwa maandishi jinsi mkataba unavyosema, taja deni na miezi yake, mpangaji asaini kupokea. Peleka mgogoro baraza la kata. Wakishindwa kuwapatanisha wakupe cheti, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kuendelea hata bila cheti. Shauri lifunguliwe Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa jina la mwenye nyumba. Beba mkataba, hati, risiti, meseji za malipo. Kiswahili kinatumika pale, na sheria inakuruhusu usimame mwenyewe au usimamiwe na ndugu. Wakili si lazima. Huna uwezo? Tafuta watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017. Msaada wao ni bure, na wakidai ada, aga. Ukishindwa, una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Ukishinda na mpangaji bado amekaa, omba utekelezaji, na atakayekwenda kumtoa ni dalali wa mahakama mwenye amri mkononi. Dalali aliyekutafutia mpangaji huyo muache nyumbani kwake.