Sura ya Tisa: Kuhesabu kwa Kupanda

Ufikapo mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zinapoanza kushuka juu ya Iyunga na wazazi wakashika majembe ili wawahi kupanda mahindi, madarasa ya shule za msingi huingia katika kipindi cha mashaka: mitihani imekwisha kusahihishwa, alama zimekwisha kuandikwa, ilhali shule haifungwi ila mapema Desemba, na mwalimu aliyesimama mbele ya watoto wake hudhani kwamba hana tena la kuwafundisha. Mimi nilisoma huko, katika shule iliyokuwa karibu kiasi cha kuisikia honi ya garimoshi la TAZARA likiingia kituoni, na nakumbuka jinsi majuma yale tulivyoyamaliza kwa kufyeka nyasi na kupiga deki, na jinsi kiranja wetu alivyoandika pembeni mwa ubao idadi ya siku zilizobaki, akiifuta kila asubuhi na kuandika iliyopungua kwa moja, hata ikafika sufuri, nasi tukatoka mbio kama mateka waliofunguliwa.

Ama Wayahudi, ambao tangu zama za kale wamelifanya somo kuwa sehemu ya ibada, wana desturi ya kuzihesabu siku kinyume cha hivyo. Kuanzia usiku wa pili wa Pasaka huhesabu siku 49, yaani majuma saba kamili, na kila usiku hutamka siku iliyofika, ya kwanza, ya pili, ya tatu, idadi ikipanda daima mpaka Sikukuu ya Majuma, inayokumbusha kupewa Torati mlimani Sinai. Katika nchi ambazo mwaka wa shule hukoma Juni, hesabu hii huangukia katika majuma ya mwisho ya masomo, nao watoto huisikia darasani na nyumbani, wakijifunza kwamba siku inayongojewa ni siku ya kupokea elimu, wala si siku ya kuponyoka kwayo.

Fauka ya hayo, katika shule nyingi za Kiyahudi watoto wadogo wakishajua kusoma Kiebrania hufanyiwa karamu wakapewa kitabu cha sala, na baadaye, wanapoanza kusoma vitabu vitano vya Musa, hupewa kitabu hicho nacho mbele ya wazazi, mara nyingine kikiwa na jalada lililopambwa kwa mikono ya wazazi wenyewe. Nao wakubwa, wamalizapo sehemu ya Talmudi, mkusanyo wao wa kale wa mafundisho, hufanya sherehe iitwayo siyumu, na humo hukiahidi kitabu walichokimaliza kwamba watakirejea. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kulistaajabia jambo hili, maana neno letu kuhitimu limetoka katika Kiarabu kwa maana ya kutia muhuri wa mwisho, na mtoto wa chuoni huko pwani aliyehitimu Kurani haiweki kando, bali huanza kuisoma upya.

Na asidhani msomaji kwamba mambo haya ni ya mbali. Karibu na Mbale, nchini Uganda, waishi Abayudaya, jamaa wanaofuata dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919, jemadari wa Kiganda Semei Kakungulu alipojitahiri yeye na wanawe. Wakastahimili marufuku ya Idi Amin, na leo wana shule ya msingi iitwayo Hadassah, ambamo watoto wa Kiislamu na wa Kikristo husoma pamoja na wao. Mwaka wao wa shule hukoma karibu na wakati unaokoma wetu, katika majira ya Hanukka, sikukuu ya taa, ambayo usiku wa kwanza huwashwa taa moja na usiku wa nane taa nane. Zamani wanafunzi wa mwalimu Shamai walisema zianze nane zikipungua, na wanafunzi wa mwalimu Hileli wakasema ianze moja zikiongezeka, kwa kuwa mambo matakatifu hupandishwa wala hayashushwi. Na ikashika kauli ya Hileli.

Basi hilo ndilo nimwombalo mwalimu wa Iyunga. Pale pembeni mwa ubao, badala ya siku zilizobaki, na ziandikwe tunu zilizopatikana, kila asubuhi mtoto mmoja akiongeza jambo moja alijualo leo ambalo Januari hakulijua. Na yarudishwe madaftari ya kwanza mikononi mwa wenyewe. Nilipofundisha darasa la kwanza nilifanya hivyo, na msichana mmoja akalitazama kwa muda mrefu jina lake la Januari, herufi zikiwa zimeteleza nje ya mstari kama mbuzi waliokosa mchungaji. Hakusema neno, akachonga penseli, akaliandika tena chini yake, limenyooka.

Na siku ya mwisho, kabla ya kengele, mwalimu na afungue kitabu cha darasa la pili, awasomee ukurasa wa kwanza, kisha awaoneshe ukurasa wa pili bila kuusoma.