Wazazi Likizoni, Mtoto kwa Nani?

Kila ifikapo miezi ya Juni na Disemba, skuli zikafungwa na maofisi yakaanza kupungua watu, gati ya Malindi hujaa wasafiri wa namna mbili. Wako wanaokwenda na jamaa zao wote, mkoba wa chupa za maziwa bega hili na mtoto bega lile. Na wako mume na mke wanaokwenda wawili tu, kwa kuwa mtoto wamekwisha kumwacha nyumbani. Huyu anakwenda Dar es Salaam kupumzika, yule Pemba arusini, mwengine anaendelea mbele mpaka Dubai, na wengi katika miaka hii wanakwenda Umra. Kwa tuonavyo, kundi hili la pili linaongezeka, na maneno juu yake yanaongezeka pia, barazani na hata maofisini kwetu.

Wako wasemao kuwa mzazi anayekwenda kustarehe akamwacha mtoto wa miaka miwili hana huruma. Wako wanaojibu kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyelelewa na mama yake peke yake, na kwamba lawama hizi ni mambo ya kuigiza. Sisi twaona pande zote mbili zinabishana juu ya jambo dogo na kuliacha lililo kubwa. Kwenda au kutokwenda si hoja. Hoja ni mtoto anabaki mikononi mwa nani, na amezoeshwa mikono hiyo kwa muda gani kabla ya wazazi kufunga mizigo yao.

Kwanza tuiweke likizo mahali pake. Likizo ya malipo haikuwa hisani ya matajiri. Ilidaiwa na wafanyakazi, na kwa muda mrefu. Mkataba wa mwanzo wa Shirika la Kazi Duniani juu ya jambo hili ni Na. 52 wa mwaka 1936, na uliridhika na siku 6 za kazi kwa mwaka. Ilipofika 1970 ndipo Mkataba Na. 132 ulipoweka kiwango kisichopungua wiki 3. Mwalimu, mkunga au karani aliyefanya kazi mwaka mzima hana sababu ya kuona haya kwa kupumzika, na mume na mke wanaotaka kukaa pamoja siku chache bila ya kilio cha usiku hawajafanya kosa. Nyumba ambayo wakubwa wake wamechoka na wanatupiana maneno si nyumba njema kwa mtoto.

Ni kweli pia kwamba katika visiwa hivi wazazi wamekuwa wakiwaacha watoto wao tangu zamani. Wavuvi walikwenda dago miezi. Msimu wa karafuu uliwahamisha watu kutoka kijiji hadi kijiji. Na hapa tuseme kwa pembeni kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza baba aendaye dago mtoto wake amemwachia nani. Suali hilo limeanza kuulizwa siku mama alipopata mshahara na likizo yake mwenyewe.

Lakini tutazame mtoto yule wa zamani aliachwa vipi. Nyumba ilikuwa na ua, na uani walikuwapo bibi, mama mkubwa, mama mdogo, shangazi, na majirani waliokuwa wakiingia bila ya kubisha hodi ya tatu. Kabla ya kutimiza miaka miwili mtoto alikuwa amekwisha kulala kwa bibi yake usiku mwingi, amekwisha kula mkononi mwa shangazi, na anajua sauti ya kila mmoja wao. Mama alipoondoka, kilichopungua kilikuwa kimoja katika vingi. Kitanda kilikuwa kile kile, uji ule ule, na wimbo wa kumlaza ule ule. Bibi zetu walijua hata kumfunika mtoto kwa kanga ya mama yake ambayo haijafuliwa, ili alale na harufu aijuayo.

Leo wengi wetu mijini tunakaa katika nyumba za mume, mke na watoto. Bibi yuko Wete au Makunduchi, na kama yuko karibu basi naye ana biashara yake sokoni au hajastaafu bado. Wanaokaa katika majumba marefu ya Michenzani wanajua kwamba unaweza kuishi mwaka mzima na mtu wa mlango wa pili usimjue jina la mtoto wake. Kwa hivyo anaposema mtu, "Hata sisi tuliachwa na wazazi wetu," asema kweli, ila anasahau kwamba aliachwa katika watu, na mtoto wake yeye anaachwa katika vyumba.

Hapa panafaa tuelezee jambo lililochunguzwa huko Uingereza, kwa sababu linatufaa kuliko mabishano ya barazani. Mwaka 1952 mfanyakazi wa ustawi wa jamii, James Robertson wa Tavistock Clinic mjini London, alionyesha filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa hospitali kwa siku 8. Zama hizo hospitali nyingi za kule zilikuwa haziruhusu mama kukaa na mtoto wake, na ziara zilikuwa chache. Mtoto yule hakupiga makelele mengi. Alijizuia, akamkumbatia dubu wake wa kitambaa, na kila siku ilivyopita alizidi kuwa mkimya. Wauguzi wa wakati ule wangemwita mtoto mzuri aliyezoea. Robertson alisema kuwa kimya kile si kuzoea bali ni kukata tamaa, na madaktari wengi walimkasirikia. Hata hivyo, mwaka 1959 ripoti ya kamati iliyoundwa na serikali, iitwayo ripoti ya Platt, ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao hospitalini bila ya kubanwa na saa.

Baadaye yeye na mkewe, Joyce, waliwafuatilia watoto ambao mama zao walikwenda hospitali kujifungua. Mtoto wa kiume wa miezi 17 aliwekwa siku 9 katika nyumba ya kulelea watoto. Wauguzi walikuwa wema, lakini walibadilishana zamu. Kila alipojaribu kumshika mmoja, huyo aliondoka akaja mwengine. Ilipofika mwisho wa siku zile alikuwa hali vizuri, analia kutwa, na mama yake aliporudi alimkataa. Mtoto wa kike wa umri ule ule, miezi 17, alikaa siku 10, moja zaidi, nyumbani kwa akina Robertson wenyewe. Yeye alikuwa amekwisha kuzoeshwa nyumba ile kabla, alikuja na vitu vyake, taratibu zake za kula na kulala zilifuatwa, na mama Joyce alikuwa naye tangu asubuhi hadi usiku. Alihuzunika mara kwa mara, lakini hakuvunjika, na mama yake alipomjia alimpokea. Umri mmoja, na siku karibu sawa; iliyotafautiana ni mikono na maandalizi.

Tusidhani kwamba hayo ni ya watoto wa Kizungu tu. Mwaka 1954 mtaalamu wa kike, Mary Ainsworth, alifika Uganda na akaanza kuzitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, kitabu chake kikachapishwa mwaka 1967. Baganda walikuwa na desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake anapoachishwa ziwa ili alisahau, na yeye alitaka kujua jambo hilo linamfanya nini mtoto. Alikuta desturi imekwisha kuachwa na wengi, basi akageuza macho yake kwenye lile alilokuwa akiliona kila siku: mtoto wa kule, aliyezungukwa na walezi wengi, alikuwa bado anamchagua mmoja au wawili wa kuwakimbilia anapoogopa. Mikono mingi haikumfanya asimjue wa kwake.

Na waliokaa chuoni kama sisi wanaikumbuka aya ya 233 ya Suratul Baqara, inayozungumzia kumwachisha mtoto ziwa na kumpa mlezi mwengine. Haikukataza. Imeweka masharti, nayo ni kuridhiana kwa baba na mama, mashauriano baina yao, na kumlipa mlezi kwa wema. Masharti hayo matatu tukiyapima katika nyumba zetu, twaona mawili ya mwanzo mara nyingi yanatimia kwa haraka haraka usiku wa kuamkia safari, na la tatu halitimii.

Kwani mikono inayopokea leo ni ya nani? Katika nyumba nyingi ni ya msichana wa kazi, ambaye naye pengine ni mtoto. Ameletwa kutoka shamba akiwa na miaka kumi na mitatu au minne, ameonyeshwa jiko, na akitimiza miezi miwili anakabidhiwa mtoto, funguo na nambari ya simu, wenye nyumba wakaenda zao. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Na. 6 ya mwaka 2011, inamhesabu kuwa mtoto kila mtu aliye chini ya miaka 18, na inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe. Nyumba ya namna hiyo imeacha watoto wawili, na ni mmoja tu kati yao ambaye wazazi wake wanampigia simu.

Si jambo la kuchukuliwa kwa mzaha. Utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa 2011 uliwauliza vijana wa Zanzibar, na kiasi cha msichana 1 kati ya 20 na mvulana 1 kati ya 10 walieleza kuwa walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Anayeiacha nyumba bila ya mtu mzima, kisha akawaruhusu "vijana wa jirani" waje kulala ili kulinda, na azisome tena nambari hizo, hasa ile ya wavulana.

Viongozi na wakuu wa maofisi nao wamo katika jambo hili. Maandalizi tuliyoyaeleza yanataka wiki, wala si siku. Mlezi huja nyumbani mama angali yupo, mtoto akazoea kulishwa naye, kisha akalala kwake usiku mmoja, kisha miwili. Sasa mtumishi ambaye orodha ya likizo inabandikwa na kubanduliwa mara tatu, akanyimwa Juni na ghafla akaambiwa aende Agosti ama siku zake zipotee, ataandaa nini? Barua ya warsha ya Dodoma humfikia mama mwenye mtoto wa miezi kumi siku ya Alhamisi, na safari ni Jumapili. Mume na mke wote ni watumishi wa Serikali, lakini wizara mbili zimewapa miezi miwili tafauti, na wote wawili nje ya kufungwa kwa skuli. Mambo haya hayahitaji fedha wala sheria mpya. Yanahitaji orodha itoke mapema na iheshimiwe, na ofisa utumishi aulize suali moja kabla ya kuandika jina la mtu katika safari: una mtoto anyonyaye?

Kwa wazazi tunayo machache. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asiachwe kwa mara ya kwanza katika safari ndefu. Aanze na usiku mmoja. Abaki nyumbani kwao au kwa mtu aliyemzoea, na mlezi awe mmoja, mtu mzima, tangu mwanzo hadi mwisho. Pasiwe na kubadilishana zamu baina ya ndugu watano wenye mapenzi. Kadi ya kliniki iwekwe mahali panapojulikana, na jirani mmoja pamoja na sheha waambiwe, kwani bahari ya kusi inaweza kuzuia boti na homa ya mtoto haitangoji. Aagwe, asitorokewe. Wengi hutoka mtoto akiwa amelala ili wasisikie kilio, na matokeo yake ni mtoto anayeogopa kulala. Na simu ya picha, inayopendwa sana siku hizi, humfaa mtoto wa miaka mitano; wa mwaka mmoja na nusu tumemwona akigeuza simu kumtafuta mama kwa nyuma, asipomwona akalia upya.

Wanaporudi, wasishangae mtoto akiwageuzia uso au akang'ang'ania miguuni wiki nzima. Wasimcheke na wasimpige. Mwanasesere wa Dubai hatafupisha siku hizo. Zitafupishwa na mama au baba kukaa chini pale pale sebuleni bila ya kuondoka tena kwenda kutembeza zawadi kwa jamaa.

Na yule msichana aliyelinda nyumba wiki mbili, akaamka usiku na kubandika uji alfajiri, naye apewe likizo yake na nauli ya kwenda kwao. Tunawajua baadhi yao, katika nyumba za watu wenye vyeo, ambao hawajaiona Micheweni tangu Idi ya mwaka jana.