Kinachobaki Mtoni ni cha Nani?

Wilaya ya Chunya ina dhahabu nyingi na maji machache. Mto Lupa na vijito vyake, kaskazini ya jiji la Mbeya, hujaa masika na kukauka kiangazi hadi ng'ombe wakavuka mkondo bila kulowesha kwato. Kwa hiyo kalenda ya mwosha dhahabu hupangwa na mvua. Zikishika, wenye mashamba hurudi kwenye mahindi na tumbaku, huku mafuriko yakishusha mchanga mpya kutoka vilimani. Zikikatika, mtu anatundika jembe, anachukua sululu, beleshi na karai, anashuka mtoni kuchimba kisima katikati ya mchanga. Maji ya kisima hicho hayamwagwi ovyo. Huoshea juu ya dimbwi, tope likitulia maji yaleyale hutumika tena, na anayechota kwenye kisima cha mwenzake bila kuomba atasikia neno.

Ninaowazungumzia ni watu wa karai na mwalo, yaani mteremko wa kuoshea mchanga, wanaofanya kazi juu ya ardhi, kando ya maji. Wachimbaji wa maduara wamepigwa picha za kutosha, maana shimo refu linavutia kamera. Mama aliyeinama kijitoni na beseni si habari kwa mtu. Lakini ukitaka kuelewa machimbo yanavyoishi bila polisi wala hakimu karibu, anza kwake.

Kazi yenyewe kwanza. Dhahabu ina uzito wa zaidi ya mara 19 ya maji. Mchanga wa kawaida haufiki hata mara tatu. Mto huijua tofauti hiyo kabla ya binadamu: penye kasi hubeba vyote, ukipunguza mwendo hutua kwanza kilicho kizito. Ndiyo maana mzoefu hapotezi nguvu katikati ya mkondo ulionyooka. Hutafuta upande wa ndani wa kona, nyuma ya jiwe kubwa, kwenye nyufa za mwamba uliofunikwa na mchanga, na chini ya mizizi ya miti iliyoinamia maji. Hujaza karai, hutupa kokoto, hutikisa ili kizito kizame, kisha huzungusha polepole maji yatoke na chepesi, mpaka ubaki mchanga mweusi wenye chuma. Humo ndimo punje zinamoonekana, kama zipo. Mara nyingi hazipo.

Akizipata anazihesabu, anapanda mto hatua kadhaa, anaosha tena. Zikiongezeka anaendelea kupanda. Zikikoma ghafla, anajua amekwisha kupita chanzo: mwamba uliozaa punje zile uko ukingoni, kulia au kushoto, kati ya karai la mwisho lililotoa kitu na la kwanza lililotoka tupu. Anatazama na umbo la punje pia. Punje yenye kona na makali haijasafiri sana. Iliyolainika imetoka mbali. Elimu hii haina cheti. Kijana huipata kwa kuchuchumaa pembeni ya mzee na kunyamaza, maana mzee wa karai hapendi maswali wakati maji yanazunguka.

Hivyo ndivyo Lupa yenyewe ilivyojulikana. Dhahabu ya mchangani iligunduliwa mwaka 1922, enzi za Waingereza, na mji wa Mbeya ulizaliwa katika vuguvugu hilo la miaka ya 1920. Uingereza ilipoacha kuifunga pauni na dhahabu mwaka 1931, kisha Marekani ikapandisha bei kutoka dola 20.67 hadi 35 kwa wakia mwaka 1934, Wazungu waliokumbwa na mdororo wa uchumi walimiminika Chunya kujaribu bahati. Mikono iliyochimba na kuosha, hata hivyo, ilikuwa ya Waafrika, wengi wao vijana walioteremka kutoka nyanda za juu kutafuta fedha ya kodi na mahari. Mgodi mkubwa wa Saza ulifungwa miaka ya 1950. Kampuni ziliondoka, karai likabaki.

Wasomaji wa pwani nao wasidhani haya ni mambo ya bara tu. Utajiri wa Kilwa ambao msafiri Ibn Battuta aliukuta mwaka 1331 ulitegemea sana dhahabu iliyopitia Sofala, na sehemu ya dhahabu hiyo ilikuwa vumbi lililooshwa mitoni na wakulima wa nyanda za Zimbabwe, wake kwa waume, katika miezi ambayo shamba halikuwadai. Ukisimama kwenye magofu ya Husuni Kubwa huko Kilwa, kumbuka kwamba nyuma ya kuta zile palikuwa na watu waliochuchumaa kwenye maji ya baridi mamia ya maili kutoka baharini.

Sasa desturi. Mto ukionesha rangi, yaani dalili ya dhahabu, aliyeona huwaambia ndugu zake kwanza, usiku. Siri hiyo haivuki siku nyingi. Mtu mmoja akionekana dukani akinunua mchele mwingi kuliko kawaida yake, asubuhi kijito kina watu mia. Hiyo ndiyo rashi, na wageni wengi huiona kama fujo tupu. Tazama vizuri. Mara huchaguliwa msimamizi na kamati yake. Mgunduzi hupewa nafasi ya heshima, kwa kawaida eneo zuri au mgawo mnono zaidi. Anayefika baadaye huulizia mipaka kabla hajapiga sululu. Anayeiba mchanga wa mwenzake hutolewa machimboni, na habari zake humtangulia kwenye machimbo mengine, maana watu hawa huhama kutoka Chunya hadi Geita na kurudi, na kumbukumbu zao ni ndefu.

Kugawana ndiko kunakonishangaza zaidi. Kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji hugawana viroba vya mawe kabla ya yeyote kujua ndani mna nini. Kila mmoja huondoka na viroba vyake kwenda kusaga na kuosha kivyake. Mmoja anaibuka na gramu kumi, mwenzake anatoka kapa, na hakuna ruhusa ya kulalamika. Yangegawanywa yakishaoshwa, hesabu ingekuwa rahisi na ugomvi ungekuwa mkubwa. Walioanzisha utaratibu huu walijua kwamba watu huvumilia uamuzi wa bahati kuliko uamuzi wa bosi.

Mtoni nako kuna mgawo wake, nao ni wa waliochelewa. Mchanga uliokwisha kupita mwaloni mara moja huitwa marudio, na kwa desturi ya zamani marudio hayakuwa na mwenyewe. Aliyeosha ameosha, akigeuka, aliyeko nyuma yake ana haki ya kuinama. Hapo ndipo waliposimama wanawake, wazee waliochoka sululu, na vijana wageni wasio na mtaji. Mama mjane anaweza kuanza Jumatatu bila senti, akaosha marudio ya watu mpaka jioni, akapata pointi mbili, yaani sehemu mbili za kumi za gramu, akanunua unga na kesho yake akarudi. Waswahili walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Chunya haina upwa, lakini inawajua wagaagaa.

Jioni hiyo kwa broka, mnunuzi wa dhahabu, inafaa kuisikia.

"Mama, hapa pana pointi mbili tu."

"Mwanangu, zima feni kwanza. Huo upepo unanipunguzia."

Feni huzimwa. Mwaka 2019 Serikali ilifungua masoko ya madini, la Geita likitangulia na la Chunya likifuata mwaka huohuo, na ikawafutia wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Ni hatua njema. Lakini mwenye pointi mbili hapandi gari kwenda sokoni mjini; nauli ingezila. Anayemfaa ni broka wa kambini, ambaye pia ndiye anayemkopesha mtoto akiugua.

Miko ni mingi, na siyo yote ya kuchekea. Katika machimbo mengi mwanamke haruhusiwi kushuka shimoni, hasa akiwa katika siku zake, kwa imani kwamba dhahabu itahama. Nina mashaka na mwiko huu: unalinda dhahabu kwa maneno na unalinda mgawo wa wanaume kwa vitendo, kwa kuwa asiyeshuka hapati kiroba. Wako wanaochinja mbuzi kabla ya kufungua eneo, wakiwaomba radhi wenye ardhi wa kale. Hilo halimdhuru mtu, na nyama huliwa na wote. Lakini imani hiyohiyo ya bahati inayofichwa na kufunuliwa ilifungua mlango kwa waganga waliouza balaa. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa mwishoni mwa miaka ya 2000 yalihusishwa na hirizi za utajiri, na wachimbaji walitajwa miongoni mwa wateja. Anayeandika mila za machimbo akaliruka hilo anaandika nusu.

Kuhusu fedha, msemo wa kambini ni kwamba hela ya dhahabu haikai. Aliyepata hutarajiwa kununua vinywaji, kulipa deni la mama ntilie, na kumwachia chochote aliyekosa. Wahubiri wa kuweka akiba huchukizwa, nami nawaelewa. Ila kwa mtu ambaye wiki ijayo huenda asipate punje hata moja, bia aliyomnunulia mwenzake leo ni sahani ya ugali atakayopewa keshokutwa.

Kinachovunja mambo haya ni kemia. Waosha dhahabu hukamata vumbi kwa zebaki, wakiikanda na mchanga kwa mikono mitupu, wakikamua kwenye kitambaa na kuchoma kinachobaki juu ya makaa, wakati mwingine jikoni penye watoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini moshi huo haujakoma. Na pamoja na madhara yake yote, zebaki huacha dhahabu nyingi mchangani, mara nyingi nusu au zaidi. Zamani hilo lilikuwa fungu la waliokuja nyuma. Siku hizi kuna plenti, mitambo inayotumia sayanidi kunyonya hicho kilichobaki, na ghafla marudio yamekuwa mali. Mwenye karasha, mashine ya kusaga, anakusagia mawe kwa bei nafuu kwa sharti moja: mchanga ubaki kwake. Lundo likitosha huliuza plenti, au huwa na plenti yake. Mama wa karai akisogea, anakuta uzio na mlinzi.

Sheria nayo inamsukuma kutoka upande wa pili. Ile ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa sababu za haki kabisa. Maji ya Lupa huishia Ziwa Rukwa, na wako wanaoyanywa njiani. Leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo Sheria ya Madini ya 2010 imewatengea Watanzania peke yao, inadai ada na vipimo vya eneo ambavyo mwenye beseni hana. Akifukuzwa mtoni na akazuiwa kwenye lundo, hana pa kuinama.

Vikundi vya wanawake vimeanza kuchangishana kununua karasha zao, na chama cha wachimbaji wanawake, TAWOMA, kimekuwapo tangu 1997. Ni njia ndefu na inahitaji mtaji. Ya karibu zaidi ni makubaliano. Mgawo wa viroba haukutungwa na bunge lolote, nao unaheshimiwa kwenye kila duara. Kamati za rashi zinaweza vilevile kumwambia mwenye karasha kwamba katika kila lundo analopeleka plenti, sehemu fulani ni ya waosha marudio, na ilipwe siku ileile anayolipwa yeye.