Mipangilio ya Maunzi katika Moduli ya Kompyuta Pachikwa: Mfano wa Raspberry Pi Compute Module 4

Kompyuta pachikwa ni kompyuta iliyofichwa ndani ya chombo kingine na kupewa kazi mahususi, kama vile kupima mvua, kusoma mita ya umeme au kuchunga joto la jokofu la chanjo. Aghalabu nyaraka za zabuni huieleza kwa kasi ya kichakataji na ukubwa wa kumbukumbu tu. Makala hii inadai kwamba sifa hizo mbili haziamui sana iwapo chombo kitadumu kazini; yaamuayo ni mipangilio ambayo mnunuzi haioni. Mfano unaotumika ni Compute Module 4, iliyotolewa mwaka 2020.

Moduli hiyo ina milimita 55 kwa 40. Imebeba kichakataji cha BCM2711 chenye viini vinne vya gigahezi 1.5, na kumbukumbu ya gigabaiti 1, 2, 4 au 8. Haina matundu ya kawaida ya kuchomekea waya. Chini yake pana viunganishi viwili vya pini 100 kila kimoja, navyo huketi juu ya ubao mama anaoubuni mtumiaji mwenyewe. Kwa njia hiyo sehemu iliyo ngumu kuunda hununuliwa ikiwa tayari, na iliyobaki huwa ndani ya uwezo wa karakana ya kawaida ya elektroniki.

Hifadhi ndiyo chaguo la kwanza lisilobatilishika. Toleo la Lite halina hifadhi, bali hutegemea kadi. Matoleo mengine yana eMMC ya gigabaiti 8, 16 au 32 iliyolehemewa. Aliyenunua eMMC hawezi kuongeza kadi kwenye pini zilezile. Ili kuandika mfumo endeshi ndani ya eMMC, pini ya nRPIBOOT huunganishwa na ardhi wakati wa kuwasha, na moduli ikaonekana kwa kompyuta nyingine kama diski. Mbunifu asiyeifikisha pini hiyo kwenye ubao mama huwaachia mafundi wa matengenezo kazi ngumu isiyo ya lazima.

Mipangilio mingi imo katika faili ya config.txt, isomwayo kabla mfumo endeshi haujaanza. Kwa chaguo-msingi, USB ya moduli hii huwa imezimwa ili kuokoa nguvu. Asiyejua hudhani kifaa ni kibovu. Antena nayo huchaguliwa humo: moduli iliyofungiwa ndani ya kasha la chuma yahitaji antena ya nje, nayo haitumiki mpaka faili iseme hivyo. Volti ya pini 28 za matumizi ya jumla, kinyume chake, huamuliwa na ubao mama, nayo ni 3.3 au 1.8. Kihisi cha volti 5 kikiunganishwa moja kwa moja huweza kuiharibu moduli.

Suala la saa lastahili uzito zaidi. Moduli yenyewe haina saa yenye betri. Umeme ukikatika mahali pasipo na mtandao, kompyuta huamka bila kujua ni muda gani umepita, na vipimo vinavyofuata huandikwa kwa tarehe ya uongo. Kwa mtafiti wa tabianchi, rekodi ya namna hiyo ni mbaya kuliko pengo, kwa kuwa pengo huonekana. Tiba yake ni saketi ndogo ya saa kwenye ubao mama, ambayo bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na safari moja ya fundi kwenda kituoni.

Mwisho ni uwashaji salama. Moduli yaweza kufungwa ili ikubali tu programu iliyotiwa sahihi kwa ufunguo fulani. Alama ya ufunguo huchomwa ndani ya kichakataji na haifutiki. Kinga hii ni njema dhidi ya wahalifu. Lakini ufunguo ukibaki kwa mkandarasi, naye akafunga ofisi, taasisi iliyolipia vifaa haitaweza kuvisasisha kamwe. Kwa hiyo mkataba utaje, kabla ya malipo ya mwisho, ni nani anayekabidhiwa ufunguo na nakala yake inahifadhiwa wapi.