Mpaka Ukisogea, Kura Yako Inaenda Wapi?

Hapa Kibua, kati ya Masisi na Walikale, mpaka tunaujua. Tarehe 20 Desemba 2023 Walikale walipiga kura. Masisi vita viliwazuia.

Siku ile washauri wa komini walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo tu. Kwetu Kivu ya Kaskazini ni komini za Goma na Karisimbi. Washauri ndio wanamchagua burugumesta, kwa hiyo kijiji kikiingizwa komini au kikitolewa, hesabu inageuka. Ugomvi wa Minembwe, kule Kivu ya Kusini, ulikuwa huo huo: ardhi ya nani, nani ataongoza? Oktoba 2020 Rais Tshisekedi alitangaza Goma kwamba anaifuta komini ile.

Wakija kuchora kwetu, tumuulize shefu mapema: nyumba yangu iko huku, shamba kule, nitaandikishwa wapi?