Kuichagua Motokaa Iliyokwisha Kutumika

Jamaa nyingi hujiwekea akiba mwaka hata mwaka ili wapate motokaa ya nyumbani, nao walio wengi hawawezi kununua mpya. Hutafuta iliyokwisha kutumika, hasa ile ndogo ya milango minne, yenye nafasi ya watu watano na buti ya mizigo nyuma. Kwa kuwa akiba ya miaka mingi yaweza kupotea kwa saa moja, twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu mambo yapasayo kutazamwa kabla ya kutoa fedha.

Na tutwae mfano wa Toyota Corolla, maana imeenea sana katika miji yetu. Ilianza kutengenezwa huko Japani mwaka 1966. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi; tena sheria yao yataka motokaa mpya ya nyumbani ikaguliwe baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, kwa gharama kubwa. Hiyo ni sababu mojawapo ya wengi kuziuza mapema, nazo huletwa kwa meli hata Mombasa na Dar es Salaam. Kenya hairuhusu kuingiza iliyopita miaka 8. Basi iliyo ya zamani zaidi utaipata kwa mtu aliyekwisha kuitumia katika barabara zetu.

Nenda asubuhi, ukamwombe mwenyewe asiiwashe kabla hujafika, kwa maana mtambo uliokwisha kupata moto huficha mengi. Ukiwa ungali baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Ukiona utando wa mafuta juu ya maji, au mafuta ya mtambo yamegeuka rangi ya maziwa, ujue ya kuwa maji na mafuta yamechanganyika, na matengenezo yake ni ghali. Kisha iwashwe, nawe usimame nyuma. Moshi wa buluu waonyesha mafuta ya mtambo yanaungua. Mweusi, petroli imezidi. Mweupe usiokoma hata mtambo ukipata moto, maji yanaingia ndani. Mvuke kidogo wa asubuhi usikutie hofu.

Uliza pia habari za mkanda. Corolla nyingi za miaka ya 1990 zina mkanda wa mpira ndani ya mtambo, ambao hubadilishwa kila kilometa 100,000 hivi. Zile za tangu mwaka 2000 zenye mtambo wa 1NZ-FE zina mnyororo wa chuma. Wala usiamini hesabu ya kilometa peke yake, maana yaweza kurudishwa nyuma. Tazama pedali, usukani na kiti cha dereva: vikiwa vimechakaa sana na hesabu ni ndogo, kuna neno.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni kutu. Mtambo hubadilishwa, gia hubadilishwa, bali mwili ulioliwa na kutu hautengenezeki kwa fedha kidogo. Inua zulia, tazama sakafu ya buti, kisha chungulia chini. Pitisha sumaku juu ya bati. Isiposhika, yamkini pamejazwa lipu na kupakwa rangi. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nao watoto watakaoketi nyuma tusiwasahau. Vuta kila mkanda wa kiti uone kama wakaza. Jaribu breki mahali pasipo watu. Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tena baadhi ya Corolla za miaka ya 2000 ziliitwa zirudishwe kwa ajili ya mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo yaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Yafaa kuuliza kwa wakala wa Toyota kama hiyo yako ilikwisha kubadilishwa.

Mwisho, linganisha namba ya chasisi na ile ya kwenye kadi, ukahakikishe jina la mwenyewe: Tanzania kwa Mamlaka ya Mapato, Kenya kwa NTSA. Mpeleke fundi wako mwenyewe umlipe ujira wake, wala usimtegemee fundi wa muuzaji. Kadhalika usitoe akiba yote. Bakiza fungu la matengenezo ya kwanza, kwa kuwa hayakosi kutokea.

Muuzaji akikuharakisha, akisema kuna mwingine ajaye na fedha jioni, mwache huyo mwingine ainunue. Rudi nyumbani mkashauriane, mume na mke, maana fedha ni ya nyumba nzima. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.