Usanifu wa Tovuti ya Chama cha Wanafunzi: Mfano wa Kigusii

Chama cha lugha cha wanafunzi katika Kisii au Nyamira huandika kwa lugha tatu: Kigusii cha masimulizi na methali, Kiswahili cha maelezo, na Kiingereza cha matangazo. Chama kama hicho kinapoamua kuiunda upya tovuti yake, mara nyingi hudhaniwa kuwa suala ni la rangi na picha. Kwa hakika ni suala la usanifishaji, nalo si geni kwa wanaisimu: kazi iliyopewa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930 ilikuwa kuwapatia waandishi wa Kiswahili tahajia moja.

Kanuni zinazohitajika ni tatu. HTML hutaja kazi ya kila sehemu ya maandishi: kichwa, aya au orodha. CSS, iliyoidhinishwa mwaka 1996, hushughulikia sura peke yake. Unicode, iliyotolewa mwaka 1991, huipa kila herufi nambari yake. Programu yoyote ya kuandikia matini tupu yatosha kwa kazi hii.

Umuhimu wa kanuni hizo huonekana katika irabu. Kigusii kina irabu saba, lakini tahajia yake ya kawaida ina herufi tano; e na o kila moja hubeba sauti mbili. Kikuyu, chenye irabu saba pia, hutumia ĩ na ũ. Mwanafunzi anayenukuu masimulizi ya wazee wa Nyamira kwa ajili ya uchambuzi atahitaji ɛ na ɔ. Akitumia fonti ya kubuni, inayochora ɛ mahali pa herufi nyingine, kompyuta isiyo na fonti hiyo itaonyesha herufi ile nyingine, na tofauti ya irabu itapotea. Akibandika picha ya maandishi, neno halitatafutika kwa urahisi. Akifuata Unicode, neno litatafutwa na kunakiliwa bila kuharibika.

Aidha, kila lugha haina budi kutajwa: lang="sw" kwa Kiswahili, lang="guz" kwa Kigusii. Alama guz imo katika orodha ya ISO 639-3 ya mwaka 2007. Pasipo tamko hilo, programu ya kusoma kwa sauti yaweza kuitamka methali ya Kigusii kwa kanuni za Kiingereza.

Wanachama huhitimu na kuondoka. Maandishi yaliyofuata kanuni za wazi huweza kurithiwa na wanaofuata. Yaliyofungiwa katika programu ya mtu mmoja huelekea kuondoka naye, pamoja na maneno ya wazee waliyoyahifadhi.